Nyangeta Yuko Karibu Nawe

Jua lilikuwa linazama na Mseti alikuwa ametumwa dukani kununua maziwa ya kopo. Kutoka nyumbani kwake Kitaji, mjini Musoma, hadi dukani kwa Isidori ni dakika nne kwa mwenye haraka, na robo saa kwa mwenye maneno na majirani. Jioni ile Mseti hakuwa na maneno na mtu. Nyuma yake, ndani ya nyumba aliyotoka, binti yake wa siku ishirini na mbili alikuwa ameanza kulia.

Huwa anaanza saa kumi na mbili. Haanzi na robo wala kasoro. Majirani walikuwa wameacha kutazama saa, wakisikia ile sauti wanaingiza kuku.

"Bado analia?" Isidori aliuliza huku akifuta vumbi kwenye kopo.

"Analiaga saa hizi tu."

"Mpeleke hospitali."

"Tumeenda mara tatu. Wanasema hawaoni kitu."

Isidori alimtazama kwa jicho la mtu mzima aliyeona watoto wengi wakilia. "Mpeni jina huyo mtoto," alisema. "Siku ishirini na ngapi sijui, mnamwita Mtoto, Mtoto. Hata mbuzi anakuwaga na jina."

Mseti alitaka kucheka lakini kicheko hakikuja. Simu ikatikisika mfukoni. Akaitoa, akasoma, na kopo la maziwa likamponyoka mkononi, likabingirika hadi kwenye mtaro.

*Nyangeta ameonekana karibu nawe. Kilomita 3.*

Sasa, ili usiachwe njiani, inabidi ujue kwamba Nyangeta walikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa mama yake Mseti. Perpetua kwa ubatizo, Nyangeta kwa watu wake, mwanamke wa Kiriba aliyelima mihogo, aliyeimba kwaya, aliyenusa ugoro kwa siri akidhani padri hajui. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na ng'ombe akiwa msichana, ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa anauburuta. Watoto wake walimtambua gizani kwa mwendo huo. Hatua, hatua, halafu kruuu. Alifariki mwaka juzi, akazikwa kando ya nyumba yake, na kabla ya kufumba macho alimshika Mseti mkono akamwambia, "Ukipata wa kike, unajua." Mseti akasema anajua. Kwao jina la marehemu hupewa mtoto ili marehemu apate pa kurudi, na mtoto apate wa kumlinda. Hakuna mtu wa huko anayehitaji kueleweshwa jambo hilo mara mbili.

Nyangeta wa pili alikuwa fisi.

Najua unachofikiri. Hata mimi nilipohadithiwa niliuliza, mtu na akili zake timamu anampaje fisi jina la mama yake? Lakini msikilize kwanza.

Mseti alikuwa ameajiriwa na mradi mmoja wenye ofisi Bunda. Kazi ya mradi ilikuwa kuweka wanyamapori kwenye ramani ya mtandaoni. Mwanakijiji akimwona tembo shambani, kiboko ufukweni au fisi karibu na zizi, anapiga picha kwa simu, anaituma, na nukta nyekundu inajitokeza kwenye ramani mahali pale pale. Mseti anaihakiki. Walio jirani wanapata ujumbe ili wafunge mbuzi mapema. Mnyama mwenye alama ya kumtambulisha, sikio lililochanika au pembe iliyovunjika, hupewa jina, ili akionekana tena pengine watu wajue ni yule yule. Na sheria ya mradi ilikuwa moja: aliyemrekodi kwanza ndiye anayempa jina, na ni yeye peke yake anayeweza kulibadilisha.

Basi jioni moja, Marieta mkewe akiwa na mimba ya miezi saba, Mseti alikuwa Kabasa, pembeni kidogo ya mji wa Bunda, kwa dada yake Agness. Nje ya uzio akamwona fisi. Alikuwa peke yake, jike, mzee, anaburuta mguu wa nyuma wa kushoto. Hatua, hatua, halafu kruuu. Mseti alisimama akamtazama, na ghafla machozi yakamjaa. Miezi yote hiyo hakuwa amelia sawasawa. Akapiga picha. Ramani ikamuuliza: *Jina la mnyama?* Vidole vikaandika vyenyewe.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemkumbuka mama yake, basi.

Watu wa mradi walilipenda jina lile. Kwenye kundi lao la simu watu mia mbili na zaidi wakawa wanauliza, Nyangeta yuko wapi leo? Nyangeta hajambo? Jina la marehemu likawa linaitwa kutwa nzima, na kila aliyeliita alikuwa anamwita fisi.

Halafu mtoto akazaliwa. Wa kike, kilo tatu na kidogo, mzima kabisa.

Siku ya nane akaja mama mdogo Gaudensia kutoka Kiriba, mdogo wa marehemu, kuja kumpa mtoto jina. Alimweka kifuani kwa Marieta, akainama, akamwita sikioni. "Nyangeta." Mtoto akishika ziwa, jina limekubaliwa. Ndivyo wanavyofanya, na sherehe haikawii, maana chai inakuwa imeshachemka.

Mtoto hakushika ziwa.

Alinyamaza. Akageuza shingo, shingo ya mtoto wa siku nane ambayo haijui hata kujibeba, akatazama dirishani. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina likiitwa, akajua anayeitwa ni mwingine. Halafu akapiga ukelele ambao Marieta mpaka leo hataki kuuzungumzia.

Walijaribu majina mengine. Bibi mzaa baba, shangazi wa babu, marehemu wote wa ukoo wenye heshima zao. Hakuna lililokubaliwa. Tangu siku ile akawa analia kila jioni, kisha akaanza kukataa ziwa hata mchana. Kilo tatu zikawa mbili na nusu. Mbili na nusu zikawa mbili na robo. Ngozi ya mapajani ikalegea.

Mseti hakumwambia mtu habari ya fisi. Aliona aibu. Tena alikuwa mtu wa ramani na takwimu, angeanzia wapi?

Sasa alikuwa amesimama dukani kwa Isidori, simu mkononi, kopo liko mtaroni. Akafungua ramani. Hakuwa ameitazama kwa wiki tatu, kwa sababu ya likizo ya mtoto.

Nukta ya kwanza, Kabasa. Nje ya uzio wa dada Agness.

Nukta ya pili, Butiama. Nyuma ya zizi la mjomba Bernado, kaka wa mama.

Nukta ya tatu ilikuwa Kiriba, na ilikuwa na picha. Aliyeipiga ni Gody, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akijitolea kwenye mradi. Kwenye picha palikuwa na msalaba wa saruji ambao Mseti aliujenga kwa mikono yake. Chini ya msalaba, fisi amelala, kidevu juu ya miguu ya mbele. Gody alikuwa ameandika: *Nyangeta amelala juu ya kaburi la mtu. Hachimbi. Amelala tu.*

Nukta ya nne ilikuwa Bweri, hapa hapa Musoma. Dakika kumi na moja zilizopita.

Kabasa, Butiama, Kiriba, Musoma. Ile haikuwa njia ya mnyama anayetafuta chakula. Ilikuwa safari ya mama. Enzi za uhai wake, mama akiwa na neno la kuwaambia watu wake alianza kwa binti yake, akapita kwa kaka yake, akarudi kwake kupumzika, na mwisho kabisa akaja kwa Mseti. Alikuwa anamweka mwisho kwa sababu kwa Mseti ndiko alikokuwa akilala usiku.

Simu ikatikisika tena.

*Nyangeta ameonekana karibu nawe. Kilomita 1.*

Mseti alitoka mbio.

Nyumbani taa ilikuwa inawaka. Marieta alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga mabegani, mtoto mapajani. Kilio kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kidogo sasa, kikavu, kama cha paka mchanga.

"Maziwa yako wapi?" Marieta aliuliza.

"Mama mdogo yuko wapi?"

"Mseti, maziwa yako wapi?"

Gaudensia, ambaye tangu siku ya jina alikuwa hajarudi Kiriba, alitoka chumbani akifunga kilemba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Mseti alimvuta hadi ukumbini akamweleza yote kwa kunong'ona, haraka haraka, na kila alivyoeleza alimwona yule mama akishikilia ukuta.

"Umempa fisi jina la dada yangu," Gaudensia alisema.

"Nilikuwa namkumbuka, mama mdogo."

"Ungelia tu, mwanangu. Watu wanaliaga." Alikaza kilemba. "Yeye alikuwa anangoja mtoto azaliwe apate pa kukaa. Wewe ukamfungulia mlango mwingine kabla. Ameingia huko. Sasa anakuja kumwona mwenye jina lake, na mtoto hana jina. Akifika wakionana, mmoja lazima aondoke."

"Nimeshajaribu kufuta sasa hivi njiani. Haikubali. Watu wengi wameshamthibitisha. Nikaandika namba badala ya jina. F14."

"Namba! Nani anaitikaga namba?"

Hapo simu ikatikisika kana kwamba inamjibu.

*F14 ameonekana karibu nawe. Mita 300.*

Na chini yake, kwenye kundi, mtu aliyempiga picha barabarani alikuwa ameandika: *Jamani, Nyangeta yuko Kitaji!!*

"Unaona?" Gaudensia alinong'ona. "Bado wanamwita."

"Nifanye nini?"

"Jina halifutwi. Linafunikwa na jina lingine. Aliyempa ni wewe, wa kumbadilishia ni wewe, uso kwa uso. Ulimwitia wapi mara ya kwanza?"

"Kwenye simu."

"Basi nenda na simu."

"Nimpe jina gani?"

Sebuleni kilio kilikuwa kinakatika katika.

"Ukimpa la marehemu mwingine, atakuja huyo mwingine. Ukimpa la mtu aliye hai, umemtupia mwenzio mzigo na hajui." Akamtazama Mseti, halafu akatazama chini. "Mimi sisemi neno."

Mseti alielewa. Aliogopa, na nasema wazi aliogopa, kwa sababu wapo watakaokuhadithia kwamba mwanaume yule alitoka kifua mbele. Mlangoni aligeuka akamwona mtoto wake, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, mdomo wazi, sauti haitoki tena. Akafungua mlango wa uani.

Giza lilikuwa bado changa. Magharibi palikuwa na wekundu kidogo. Kwa majirani redio ilikuwa inaimba, mtu anakaanga samaki. Jioni ya kawaida kabisa ya Kitaji.

Halafu redio ikazimwa.

Mbwa wa jirani, yule anayebwekea hata kivuli chake, alipita mbio amebana mkia.

Akasikia.

Hatua. Hatua. Kruuu.

Nyuma ya uzio wa mabati. Pole pole, bila haraka, kwa mwendo wa mtu aliyetoka mbali na anajua amefika. Kisha ikaja harufu. Mseti alikuwa amejiandaa kwa harufu ya mzoga. Iliyokuja ilikuwa harufu ya ugoro.

Machozi yakamtoka palepale.

Fisi aliingia kwenye upenyo wa uzio, akasimama karibu na pipa la maji. Alikuwa mkubwa kuliko alivyokuwa Kabasa, au labda uani palikuwa padogo. Aliinamisha kichwa upande wa kulia. Mama alikuwa na sikio moja zima, la kulia, na akitaka kukusikia vizuri aliinamisha kichwa vivyo hivyo. Halafu akakaa chini, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele... kama mtu anayengoja kuletewa chai.

"Mama," Mseti alisema.

Masikio ya fisi yakasimama.

"Mama, nisamehe. Jina lako nimelipeleka pasipo pake. Mtoto yuko ndani. Anakungoja wewe."

Fisi alitazama dirisha lenye taa. Kooni mwake kulitoka sauti ndogo, ya chini chini, ambayo Mseti hakuweza kusema kama ni njaa au ni uchungu. Akainuka. Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mseti akainua simu. Akakosea mara mbili. *Badilisha jina la mnyama.* Akaandika herufi tano. Akabonyeza.

Mtandao ukaanza kuzunguka.

Ile duara ndogo ya skrini, ikazunguka... ikazunguka...

Hatua. Kruuu.

"Mseti," alisema kwa sauti. "Kuanzia leo wewe ni Mseti."

Ikazunguka.

Ndani, mtoto alinyamaza. Haukuwa ukimya wa kushiba. Akamsikia Marieta akiita, "Mama mdogo! Mama mdogo, njoo, njoo!"

"Mseti!" akarudia, sasa anapiga kelele. "Wewe ni Mseti!"

Fisi alikuwa amefika. Pumzi yake ya moto ilimgusa Mseti mkono ulioshika simu.

"Mseti," alisema mara ya tatu, na hiyo haikuwa kelele, ilikuwa kama anajitambulisha.

*Imehifadhiwa.*

Fisi akasimama. Akamtazama muda mrefu, lakini kichwa hakukiinamisha tena. Kilikuwa kimesimama wima, kama kichwa cha mnyama yeyote. Harufu ya ugoro ikapungua, ikaisha, na hapo ndipo mzoga ukanuka. Akageuka akatoka kwa upenyo ule ule.

Hatua, hatua, hatua, hatua.

Hakuburuta mguu.

Mseti alishusha pumzi, akataka kukimbilia ndani. Mguu wake wa kushoto haukumfuata. Ulikuwa umekufa ganzi kuanzia nyonga. Akaushika ukuta, akaenda nao vivyo hivyo, akijisikia mwenyewe kwenye sakafu ya saruji. Hatua. Kruuu.

Ndani, Gaudensia alikuwa ameinama kwenye sikio la mtoto. "Nyangeta," aliita. "Nyangeta wa Kiriba, karibu nyumbani."

Mtoto alifungua macho, akatafuta, akashika ziwa. Akanyonya mpaka maziwa yakamwagika shavuni, na Marieta akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Gaudensia hakucheka. Alimtazama Mseti akiingia, akautazama mguu, akaelewa amempa nini yule mnyama.

"Jua likizama, mtu yeyote asimwite huyu jina lake," alimwambia Marieta. "Sasa ni Baba Nyangeta. Umesikia? Muite Baba Nyangeta."

Marieta alitikisa kichwa kukubali. Halikuwa jambo gumu. Mwanaume akishapata mtoto huitwa hivyo na kila mtu.

Miezi sita ikapita.

Nyangeta alinenepa akawa na mikunjo mikononi. Daktari alisema watoto wengi hulia jioni kwa sababu ya tumbo, na huacha wenyewe. Mtaalamu wa mradi kule Bunda alisema fisi siku hizi wanafuata majalala ya miji, na mfupa wa mnyama unaweza kuunga. Kuhusu mguu wa Mseti, picha za hospitali zilionyesha mfupa mzima usio na kasoro. Mseti aliwaitikia wote. Yapo maelezo ya kila kitu, ukiyachukua kimoja kimoja.

Aliacha kazi ya ramani, akafungua kibanda cha kutengeneza simu pale Nyasho. Lakini ile programu hakuiondoa. Wakati mwingine mchana alichungulia. *Mseti ameonekana Kabasa. Mseti ameonekana Butiama.* Watu walikuwa wakiandika mambo ambayo hakuyapenda. Kwamba fisi huyu haogopi watu. Kwamba anasimama madirishani. Agness dada yake alimpigia simu asubuhi moja akamuuliza, "Jana jioni ulikuja kwangu? Nilikusikia unapiga hodi, nikafungua, hakuna mtu."

Mseti alimwambia labda ni upepo. Wakati ule ule alikuwa anajiuliza mbona sauti yake inamkauka kila jua linapozama, mbona Marieta huwa anamwambia, ongea kwa sauti basi, sikusikii.

Basi ilikuwa Jumamosi. Jua limeshuka. Mseti amekaa sebuleni, mguu wa kushoto ameunyoosha, Nyangeta yuko mapajani anachezea vifungo vya shati. Jikoni, mahali anapoweza kumwona mgongo, Marieta alikuwa anakaanga sato. Mafuta yakaruka, yakamwunguza mkono. Mtu akiungua hakumbuki masharti ya mtu.

"Mseti!" aliita. "Mseti, niletee maji!"

Mtoto aliacha vifungo.

Mseti alifungua mdomo aitike. Aliusikia ulimi wake ukigusa meno, akavuta pumzi, akasukuma. Hakikutoka kitu.

"Naam," sauti yake ikaitika. Ilitokea uani, nyuma ya mlango wa jikoni.

Simu iliyokuwa kwenye kochi ikawaka. Hakuhitaji kuisoma. Alijaribu kuinuka na mtoto, mguu ukakataa. Alipiga kiti kwa kiganja, akapiga tena, lakini mafuta yalikuwa yanachemka kwa kelele na Marieta alikuwa amempa mgongo, anapuliza mkono wake ulioungua.

"Sasa unafanya nini huko nje?" Marieta alisema. "Ingia, mlango uko wazi."